Botia wa Luppo

Yeyote anayedhani kufuga samaki ni burudani ya watu watulivu hajawahi kumngojea jaji nyumbani kwake. Jumamosi ile ya Novemba, kahawa haijachemka bado, Frouke Dallinga alikuwa ameshafungua kabati la chini ya ngazi mara saba. Kila mara alifunua taulo, akainua kifuniko cha ndoo, akachungulia, akafunika, kisha akarudi sebuleni kufuta kioo cha tangi ambacho hakikuwa na hata alama ya kidole. Akikaa, miguu inamwasha. Akisimama, anarudi kabatini.

Ndani ya ndoo alikuwamo Berend. Alikuwa botia, samaki mnene wa rangi ya chungwa, mwenye mistari mitatu mipana myeusi na sharubu fupi mdomoni. Umri wake ni miaka ishirini na miwili, na usidhani nimekosea kuhesabu; botia akitunzwa anaweza kumzika mfugaji wake. Huyu alikuwa ameshamzika Luppo, mume wa Frouke, miaka minne iliyopita.

Kumtoa tangini alfajiri ile kulikuwa vita. Botia ana mwiba chini ya jicho, na akishikwa huutoa nje. Mwiba ukanasa kwenye wavu, ikabidi Frouke aukate wavu uzi kwa uzi kwa mkasi wa kucha huku akimwomba radhi, kama mtu anayemvua mtoto fulana iliyombana. Baada ya hapo akapanda upya majani yaliyong'oka, akayachana kwa vidole yakae kwa safu, akanawa mikono, akafungua kabati mara ya kwanza.

Kisa cha kumficha kilikuwa hiki. Kila mwaka majira kama hayo, chama cha wafuga samaki cha mji wao, Veendam, huita jaji kutoka mji mwingine, na wanachama humfuata nyumba kwa nyumba, soksi miguuni na kikombe mkononi, naye hutoa alama kwa kila tangi, mwenye tangi akisikia. Huanza na majani, halafu maji, halafu lile ambalo watu huliogopa. Je, samaki hawa wanapatana? Kundi linatosha? Tangi lina urefu wa kuwafaa? Botia ni samaki wa jamaa. Hutaka wenzake wanne watano na tangi la mita mbili au zaidi. Tangi la Frouke lilikuwa la sentimita mia na ishirini, na botia alikuwa mmoja. Jaji yeyote mwenye macho angelisema hilo kwa sauti, na angelisema mbele ya Eltjo Ploeger. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Luppo na Eltjo walikuwa chanda na pete. Miaka ishirini na miwili nyuma walinunua botia kumi, kila mmoja mdogo kama kidole cha mwisho, wakagawana watano watano. Eltjo akajenga tangi la mita tatu katika zizi la zamani la ng'ombe la baba yake. Luppo akawatia wake sebuleni. Basi katika mkutano wa chama, watu wote wamekaa, Eltjo akamwambia rafiki yake kwamba anafuga samaki ndani ya sanduku la viatu. "Samaki hukua kadiri ya tangi lake," Luppo akamjibu, akavaa koti, akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Ploeger, wala mkewe hakukanyaga. Msafara ukielekea kule, wao walirudi nyumbani kula supu.

Botia wa Luppo wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki Berend. Kila mmoja alipokufa Luppo alikuwa na la kulaumu, mara maji, mara dawa, mara mfanyabiashara aliyewauzia. Frouke alijua. Mke hujua. Lakini mume alikwenda kaburini hajakubali, na Frouke aliona kukubali kwa niaba yake ni usaliti. Maiti hawezi kujitetea. Berend akionekana leo, Luppo atakuwa ameshindwa mbele ya Eltjo, na aliyemfanya ashindwe atakuwa mkewe.

Saa nne kasoro robo akaingia Hilje Smid, jirani na katibu wa chama, na karatasi zake kifuani. Hakusema hata habari za asubuhi.

"Berend yuko wapi?"

"Berend gani?"

"Usinichezee, Frouke. Nimekunywa kahawa mbele ya samaki huyo miaka kumi na tano."

"Amejificha nyuma ya gogo."

"Na kwenye orodha ya samaki uliyonipa pia amejificha nyuma ya gogo? Nimeisoma. Neoni arobaini, vikambare kumi na wawili, botia hakuna." Hilje akatega sikio. Kabatini pampu ndogo ya hewa ilikuwa ikinguruma. "Mungu wangu. Umemtia kabatini pamoja na fagio!"

"Fagio nimelitoa."

"Shoga, mficha maradhi kilio humfichua."

"Basi wewe usianze kulia mapema."

Hilje akavuta pumzi aseme zaidi, lakini kengele ya mlango ikalia, na watu tisa wakaingia na baridi yao na ile harufu ya viazi vinavyosagwa kiwandani, ambayo mwezi huo hukaa hata kwenye nywele. Mbele kabisa, kama kawaida yake, Eltjo Ploeger, mwanamume wa miaka sabini mwenye mabega ya mkulima na mdomo usiokaa kitako.

"Harufu ya keki!" akasema akivua viatu. "Frouke, unamhonga jaji?"

"Ningetaka kuhonga ningeanza na wewe ufunge mdomo."

"Mimi? Mimi sihongeki kwa keki. Jibini, labda."

Watu wakacheka. Walizoea kuwaona hawa wawili wakirushiana maneno mikutanoni. Ilikuwa ndiyo njia yao ya kutozungumza.

Jaji aliitwa Wubbo Nanninga, kutoka Assen. Alikuwa mrefu, mkavu, penseli nyuma ya sikio, na uso ambao haukumwambia mtu kitu. Akapima tangi kwa utepe ingawa urefu ulikuwa umeandikwa. Akapima maji. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo, akaanza kuwahesabu samaki. Dakika kumi huwa ndefu sana ukiwa na samaki kabatini. Frouke alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, akafuta meza, akaifuta tena. Hilje akamkanyaga mguu.

"Neoni arobaini," Nanninga akasema mwishowe, akiwatazama wale samaki wadogo wanaometameta. "Wanatembea pamoja. Vizuri. Wiki iliyopita nilikuwa kwa bwana mmoja aliyewachanganya na samaki-mwezi watatu wakubwa kama visahani. Analalamika neoni wake wanapungua kila siku, anashuku maradhi. Nikamwambia, bwana, maradhi yenyewe ni yale pale matatu, na yameshiba."

Kicheko kikapasuka, na kilipotulia, katika ule ukimya unaofuata kicheko, kabati la chini ya ngazi likasema: tak. Halafu tena, kwa hasira: tak-tak.

Botia akiudhika hugonga hivyo kooni, kama mtu anayevunja karanga. Nanninga akainua penseli.

"Ni nini hicho?"

"Bomba," Hilje akadakia. "Nyumba za zamani hizi."

Tak.

Ghafla Eltjo Ploeger akashikwa na kikohozi. Akakohoa, akajipiga kifua, akaomba maji, akayanywa, akakohoa tena, akaanza kusimulia habari ya mapafu yake na daktari wake na vumbi la nyasi kavu, mpaka jaji akachoka kusikiliza akarudi kwenye karatasi zake. Frouke alimtazama. Eltjo akatazama zulia. Hapo Frouke akajua kwamba Eltjo anajua. Mtu anayekaa na botia watano jioni zote za maisha yake haambiwi sauti ile ni ya nini.

Angemcheka, Frouke angejua la kufanya. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni tangu juzi. Lakini Eltjo alimfunikia. Huruma ile ilimchoma kuliko tusi, akasikia masikio yanawaka moto.

Nanninga akasimama kusoma alama. Majani, juu. Maji, juu. "Na kwa samaki," akasema, "nimempa Bibi Dallinga kuliko wote tuliowaona leo. Wanachama wapya waje hapa wajifunze. Watu wengi hupenda samaki kwanza, halafu ndipo wanatafuta pa kumweka. Huyu amelitazama tangi lake kwa macho ya kweli, akachagua wanaolifaa. Hakuna humu aliyebanwa."

Watu wakapiga makofi. Hilje akapiga pia, taratibu, akiitazama sakafu. Frouke alisimama katikati ya sebule na kisahani cha keki mkononi, na neno lile likamzunguka kichwani kama nzi. Hakuna aliyebanwa. Miaka minne amekuwa akimpikia Berend mbaazi, akizungumza naye, akimwona amejikunyata kona ileile mchana kutwa, na akijiambia kwamba amemzoea.

"Futa," akasema.

"Samahani, bibi?"

"Hizo alama. Zifute. Kuna mwingine."

Akaenda kabatini, akaitoa ndoo, akaiweka juu ya zulia mbele ya watu wote, akafunua. Berend alikuwa amelala ubavu chini ya maji, jicho moja limetazama juu, hatikisiki.

"Nimemuua!" Frouke akapiga kelele. "Hilje, nimemuua!"

Aliyepiga magoti alikuwa Eltjo, magoti yakilia. Akaigusa ndoo kwa ukucha mara mbili. Samaki akajigeuza, akasimama wima, akawatazama wote kwa chuki.

"Amejilaza tu," Eltjo akasema. "Wakinuna hufanya hivyo. Wangu walinifanyia mwaka wa kwanza, nikalia kama mjinga, nikawachimbia na shimo."

Nanninga aliinama, akaishika penseli yake juu ya maji sambamba na mgongo wa samaki, akapima kwa jicho.

"Umri?"

"Ishirini na miwili."

Jaji akageuza karatasi. "Sentimita kumi na nne," akaandika. "Peke yake tangu lini?"

"Tangu mwaka aliofariki mume wangu."

Akaandika tena, akapiga mstari, akajumlisha upya. Frouke akaporomoka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kati ya nyumba walizokwisha kupita. Hakusikia hata namba. "Sina la kukuambia usilolijua, Bibi Dallinga," Nanninga akasema kwa upole, na upole huo nao ulimuudhi.

Frouke akamgeukia Eltjo. "Wako wana urefu gani?"

"Keki yako tamu leo."

"Eltjo! Nimekuuliza."

"Nyumba inayofuata ni yangu," Eltjo akasema akijiinua kwa kushika meza. Safari hii hakutania. "Njoo uone mwenyewe. Na umlete."

Kwenda kwa Ploeger ni mwendo wa dakika kumi kando ya mfereji. Frouke alikaa kiti cha mbele cha gari la Hilje, ndoo mapajani, maji yakimrukia sketi kila walipopita tuta.

"Geuza gari," akasema walipofika darajani.

"Sigeuzi."

"Hilje, geuza. Nimesahau kuzima jiko."

"Jiko nimelizima mimi."

"Unajua Luppo angesema nini?"

"Najua. Angesema nigeuze. Ndiyo maana nashika usukani mimi."

Frouke akaikumbatia ndoo. Alimkasirikia Hilje, akamkasirikia jaji, akamkasirikia Eltjo kwa kikohozi chake, na chini ya hasira zote hizo akamkuta Luppo, na kumbe huyo ndiye aliyekuwa akimkasirikia tangu zamani. Alimpenda sana. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, naye alimpenda hivyohivyo.

Zizi lilikuwa na joto. Harufu ya ng'ombe ilikuwa imeshakwisha, ikabaki ya maji na mbao mbichi. Tangi lilikuwa limechukua ukuta mzima. Mwanzoni Frouke hakuona samaki. Aliona mizizi, mchanga, mkondo wa maji ukitikisa majani. Kisha kutoka gizani chini ya gogo wakatoka watano, mmoja nyuma ya mwenzake, bila haraka, wanene kama mkono wake chini ya kiwiko. Wakageuka kwa pamoja, tumbo jekundu likawaka, wakapita tena.

"Hawa ni aina gani?" akauliza.

Eltjo akaweka mkono juu ya kioo.

"Nauliza aina gani. Umewanunua lini hawa?"

"Frouke," Eltjo akasema. "Ni wale wale."

Frouke akaitazama ndoo. Akatazama tangi. Watano wale walitoka mfuko mmoja na huyu, siku moja, kila mmoja mdogo kama kidole cha mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika mfuko ule garini, kati ya wanaume wawili waliokuwa wakicheka njia nzima. Sasa mdogo wao alikuwa karibu mara mbili ya Berend. Basi Luppo alisema kweli siku ile mkutanoni, samaki alikua kadiri ya tangi lake, wala hakuna aliyewahi kumwambia Frouke ukweli huo maana yake nini, kwamba tangi dogo humdumaza samaki. Frouke akaweka kiganja kwenye kioo.

"Kwa kawaida hutengwa wiki kadhaa kwanza," Nanninga akasema nyuma yao. "Kwa ajili ya maradhi."

"Najua, bwana," Eltjo akasema. Akaenda pembeni, akarudi amebeba kipande cha kioo chenye matundu madogo kilichokatwa sawasawa kwa upana wa tangi, na chujio dogo la peke yake. Akakiteremsha kwenye vijia viwili vilivyogundishwa mwisho wa tangi, kikaingia bila kukwama, akaziba matundu kwa utepe. "Wiki tatu atawaona tu. Akiwa mzima, natoa utepe wanuse. Halafu naondoa kioo."

"Ulikikata lini?" Frouke akauliza.

"Hiki?"

"Eltjo, lini?"

"Wiki ile tuliyomzika Luppo."

"Miaka minne hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesikia nini? Ungesikia Ploeger anakuja kukusanya ushindi wake." Akajikuna shingo. "Nilimwambia kweli, lakini nilimwambia mbele ya watu arobaini. Ningemfuata jikoni kwake nikamwambia taratibu, labda leo wangekuwa kumi humu. Mtu kama Luppo humwaibishi halafu ukategemea akusikie. Nililijua hilo, nikafanya vile vile, kwa sababu watu walikuwa wanacheka."

Wakaning'iniza ndoo pembeni ya tangi. Kila baada ya dakika chache Eltjo alichota kikombe cha maji ya tangi akamimina ndooni mwa Berend, ili mwili uzoee. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Jaji alitoa hukumu yake, wanachama wakanywa kahawa, mmoja mmoja wakaaga, na Frouke alikwenda mlangoni akarudi, akaenda akarudi, akauliza joto la maji mara tatu, akajibiwa mara tatu. Mwishowe Eltjo akaiinamisha ndoo, hakutumia wavu, na Berend akateleza akazama hadi mchangani.

Alikaa pale kama jiwe. Ng'ambo ya kioo wale watano walisimama. Wakaja, wote, wakajipanga sharubu zimegusa kioo. Berend akainuka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwao, akajibandika ubavu kwenye kioo mahali walipokuwa, akatulia hapo. Frouke aligonga kwa ukucha, kama alivyozoea kumwita nyumbani wakati wa mbaazi. Hakugeuka.

"Amechoka tu na safari," Hilje akasema haraka.

"Hapana," Frouke akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Luppo alikosea."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo, hata peke yake. Eltjo alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika tumboni.

"Alikosea miaka kumi na minane," Frouke akasema. "Hii minne nimekosea mimi."